Kungoja Majibu ya Tezi: Mwenzetu Asiachwe Peke Yake



Tawi letu la Likuni lina desturi ya kukutana kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, watu wakishatoka kanisani, chini ya mwembe. Mambo yanayoletwa pale mnayajua nyote: mshahara uliokatwa, saa za ziada zisizolipwa, viatu vya kazi vilivyoahidiwa tangu mvua za mwaka juzi. Jumapili moja lililetwa jambo ambalo hatukuwa na faili lake.

Mwendesha mashine wa kiwanda kimoja cha Kanengo alikuwa amepewa barua ya onyo. Barua ilisema kwamba alikutwa amelewa kazini, akakaribia kuingiza mkono katika mkanda wa mashine, na kwamba likitokea tena atafukuzwa. Sisi twamfahamu mtu huyu. Ana miaka 58, ni mzaliwa wa Uvira, baba wa watoto sita, na kachasu haijapata kupita midomoni mwake. Tulimwita pembeni.

"Papa, tueleze. Ulikunywa?"

"Sikunywa, Katibu. Sikulala tu. Leo ni siku ya 22 sijapata usingizi wa kueleweka."

Akatazama huku na huku, kisha akatoa mfukoni kile kitabu cha afya ambacho kila mgonjwa wa Malawi hutembea nacho. Katika ukurasa wa mwisho daktari alikuwa ameandika kwamba amechukuliwa vipande vya nyama ya tezi dume ili vikapimwe kama vina saratani, na arudi kuchukua majibu. Mkewe hakujua. Watoto hawakujua. Jirani wa chumba hakujua. Mtu wa kwanza kuambiwa alikuwa katibu wa chama, na hata huyo aliambiwa kwa sababu ya barua ya onyo.

Tumemwomba ruhusa tuliandike jambo hili, naye amekubali, ila jina lake na la kiwanda chake tusiyataje.

Wengine watauliza, mambo ya tezi yanaingiaje katika karatasi ya chama? Yanaingia kwa mlango ule ule ulioingiza barua ya onyo. Mfanyakazi asiyelala wiki tatu akisimama mbele ya mashine ni hatari kwa mkono wake na kwa mwenzake aliye jirani. Tena wengi wetu tuliojiunga na chama tukiwa vijana sasa tuna mvi. Ugonjwa huu ni wa wanaume wenye umri, na sisi watu weusi hutupata zaidi kuliko mataifa mengine. Basi si la mtu mmoja.

Tuanze na kiungo chenyewe, maana tumegundua kwamba wanaume wengi hawakijui. Tezi dume iko chini ya kibofu, na njia ya mkojo hupita katikati yake. Kwa kijana ni ndogo kama ndimu changa. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya maji ya uzazi. Mtu akizeeka hukua, na ikikua huibana njia ya mkojo: unaamka mara nne usiku, mkojo unatoka kwa kukatika, unasimama muda mrefu chooni huku wenzako wanagonga mlango. Kukua huko peke yake si saratani. Nelson Mandela alipasuliwa tezi mwaka 1985 akiwa bado mfungwa, kwa sababu ilikuwa imekua tu.

Daktari hupapasa tezi kwa kidole kwa njia ya haja kubwa. Hapa ndipo wanaume wengi hukimbia. Kisha hupima damu kwa kipimo kiitwacho PSA. Kipimo hicho chaweza kupanda kwa sababu ya saratani, lakini chaweza kupanda pia kwa tezi iliyokua au kwa uambukizo. Vitabu vya utabibu husema kwamba kati ya wanaume wanne ambao kipimo chao kiko baina ya 4 na 10, kwa kawaida mmoja tu ndiye hukutwa na saratani. Kwa hiyo damu haitoshi kutoa hukumu. Hapana budi kuchukua nyama yenyewe kwa sindano, mara nyingi vipande 12, kila kimoja chembamba kama uzi wa kushonea gunia.

Mwenzetu alifanyiwa hayo. Hakuna aliyemwambia kwamba baada ya sindano damu huonekana katika mkojo na choo kwa siku kadhaa, na katika manii kwa wiki kadhaa. Alipoiona damu hiyo alisema moyoni, "Tayari, imeshapasuka." Ndugu, damu hiyo ni ya majeraha ya sindano, haisemi lolote juu ya majibu. Linalotakiwa kumtoa mtu mbio kwenda hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku, ni homa na kutetemeka, au mkojo kuziba kabisa, au damu nyingi yenye mabonge.

Sasa tuje kwenye kungoja.

Huyu Papa alituambia maneno ambayo hatujayasahau. Alisema: "Katibu, mimi nimengoja pale Dzaleka miaka 17 barua ya kupelekwa nchi nyingine. Sikukosa usingizi hata siku moja. Hii ya wiki sita imenimaliza."

Wasomaji wetu wa Dzaleka watamwelewa. Mahali pale palipata kuwa gereza la wafungwa wa siasa, pakawa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, na sasa pana zaidi ya watu 50,000. Kungoja ndiyo shughuli ya kwanza ya pale. Watu hungoja posho, hungoja mahojiano, hungoja jina libandikwe ubaoni. Mtu aliyefuzu shule hiyo anashindwaje na wiki sita?

Tulilifikiri jambo hili siku nyingi, na haya ndiyo maoni yetu. Barua ya Dzaleka watu huingoja pamoja. Asubuhi bombani mama mmoja humwuliza mwenzake, "Mmeitwa?" "Hatujaitwa." Wanacheka, wanalaani, wanabeba ndoo. Kila mtu anajua kila mtu anangoja nini. Lakini hii ya tezi Papa aliingoja akiwa amefunga mdomo. Mwaka 2023, serikali ilipoamuru wakimbizi walioko mijini warudi kambini, mkewe na watoto walirudi Dzaleka, umbali wa zaidi ya kilomita 40 kutoka Lilongwe. Yeye alibaki Likuni katika chumba kimoja kwa kuwa ana kibali cha kazi. Usiku ukifika ni yeye, ukuta na tezi yake.

Alitueleza hofu hiyo inavyofanya kazi. Saa nane za usiku moyo humwamsha kwa kupiga. Mdomo umekauka. Anakwenda chooni, anarudi, baada ya robo saa anakwenda tena. Anahesabu safari hizo, na kila safari kwake ni ushahidi wa saratani. Mganga wa zahanati tuliyemwuliza alituambia kwamba hofu yenyewe humfanya mtu akojoe mara kwa mara, kama anavyojua kila aliyewahi kuitwa ofisini kwa meneja. Basi mwenzetu alikuwa akiipima hofu yake akidhani anaupima ugonjwa.

Jambo lililomtesa kuliko yote ni kuchelewa kwa majibu. Alikuwa amekwenda kuyauliza mara tatu, kila mara akipoteza siku ya kazi na nauli, na kila mara akaambiwa bado. Hospitali hatuitaji. Yeye akaamini kwamba majibu mazuri hutoka upesi na mabaya hufichwa. Tumekuta imani hii kwa watu wengi, na yafaa tuivunje. Nyama ile hupita katika msururu kama bidhaa ya kiwandani. Kwanza hulowekwa katika dawa iitwayo fomalini isioze. Kisha hukaushwa maji kwa spiriti, huingizwa katika nta mpaka iwe ngumu, hukatwa vipande vyembamba kuliko unywele, huwekwa juu ya kioo, hutiwa rangi, na mwisho daktari aliyesomea kazi hiyo hukaa na hadubini akasoma kioo kimoja kimoja. Dawa moja ikikosekana, msururu wote unasimama. Madaktari wenye ujuzi huo katika Malawi ni wachache mno. Kabla ya mwaka 2011, ilipoanzishwa maabara ya namna hiyo katika Hospitali Kuu ya Kamuzu, hapa Lilongwe haikuwapo, na vipande vilipelekwa Blantyre, zaidi ya kilomita 300. Nyinyi mnaofanya kazi viwandani mwajua: gunia likichelewa kutoka si kwa sababu unga ni mbaya. Ni kwa sababu mashine imesimama, au fundi ni mmoja.

Tulipomweleza hayo Papa alinyamaza, akasema, "Kwa hiyo hawajui bado? Hata wao hawajui?" Hata wao hawajui, Papa. Siku hiyo alikula.

Tukiri pia kosa letu. Mwanzoni kabisa tulimpiga begani tukamwambia, "Usiwe na wasiwasi, haitakuwa kitu." Alituchukia kwa neno hilo, na kwa wiki nzima hakupokea simu yetu. Baadaye alituuliza, "Wewe ulijuaje haitakuwa kitu? Una hadubini?" Alikuwa na haki. Mtu anayengoja hataki ahadi ya mtu asiyejua. Wala hataki hadithi za shemeji wa fulani aliyekufa kwa ugonjwa huo huo, na hadithi hizo watu huzitoa bure, tena kwa ufundi. Alichotaka ni mtu wa kumwambia, "Leo umelalaje?" na kungoja jibu.

Tulianza na mwajiri. Tulimwona meneja, tukamweleza bila kutaja ugonjwa kwamba mfanyakazi yuko chini ya uchunguzi wa daktari na kitabu chake kinathibitisha. Sheria ya Ajira ya Malawi ya mwaka 2000 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi 12 ya kazi mfululizo angalau wiki 4 za ugonjwa kwa mshahara kamili na wiki 8 kwa nusu mshahara kila mwaka, akiwa na cheti cha daktari. Tena inasema kukosekana kazini kwa muda kwa sababu ya ugonjwa si sababu halali ya kufukuza. Kulikuwa na maneno mengi, mengine makali. Mwishowe barua ya onyo iliwekwa kando, na mwenzetu akahamishiwa kwenye mizani mpaka majibu yatoke. Hakutaka likizo. Alisema akikaa chumbani mchana pia, atapata wazimu. Twaafiki. Kazi nyepesi ilimfaa kuliko kitanda, ilimradi asiwe kwenye mashine inayokata.

Wale wa ganyu watasema, "Na sisi je?" Ni kweli, ganyu haina miezi 12 wala cheti, na siku usiyofika ni siku usiyolipwa. Hilo ndilo pengo kubwa, na mashambani ndiko linakoua. Mwanachama mmoja wa shamba la tumbaku, njia ya Kasungu, alichukuliwa vipande kama hivi miaka michache iliyopita. Siku ya majibu ilikuwa katikati ya mavuno, na kapitao alimwambia akiondoka asirudi. Lakini alituambia mwenyewe baadaye kwamba kapitao alikuwa kisingizio kizuri. Hakutaka kuyaona majibu. Karatasi yake ilikaa hospitalini zaidi ya mwaka. Alipoletwa, mgongo ulikuwa hauwezi kumbeba, maana saratani hii ikitoka katika tezi hupenda mifupa. Tulimzika. Jambo hili ndilo lililotufanya tukaze na Papa. Hofu ya kungoja inaweza kugeuka ikawa hofu ya kupokea, na hapo mtu huacha kurudi.

Jambo la pili lilikuwa mkewe. Papa alikataa katakata. Tukamwambia ni hiari yake, ila mtu mmoja wa nyumbani hana budi kujua. Jumamosi moja tulipanda naye minibasi hadi njia panda, tukaingia Dzaleka. Alimwambia mwenyewe, sisi tukiwa tumekaa nje. Mama alilia kidogo, kisha akacheka, akatoka kutuambia: "Miezi miwili huyu hanitazami usoni. Nilijua ana mke mwingine huko Likuni." Tangu siku hiyo ndiye aliyekuwa akimpigia simu saa tatu za usiku, na mazungumzo yalikuwa ya karo za shule na bati linalovuja.

Usiku tuliuweka mikononi mwa mlinzi mmoja Mrundi ambaye lindo lake ni jirani na chumba cha Papa. Akiamka saa nane asilale akihesabu, aende kwa mlinzi wacheze bao, au bawo kama wasemavyo wenyeji. Mlinzi hakuambiwa sababu, wala hakuuliza; alifurahi kupata mtu wa kumfunga. Saa kumi Papa hurudi kulala akiwa ameshindwa mara tatu. Usingizi wa saa mbili ulikuwa mali kubwa.

Kuna chupa ya mizizi aliyoinunua sokoni kwa mtu aliyeapa kwamba inayeyusha tezi. Tulimwomba aiweke mpaka majibu yatoke. Maombi hatukuyagusa, kila mtu na imani yake, na alisema yanamtuliza.

Tena kuna hofu ambayo ilichukua muda kutoka mdomoni mwake. Alikuwa amesikia kwamba ukikutwa na saratani ya tezi unahasiwa. Tusiifiche habari hii, maana kuificha ndiko kunakokuza uvumi. Mwaka 1941 daktari Charles Huggins wa Chicago alionyesha kwamba saratani hii hulishwa na homoni ya kiume itokayo katika korodani, na mwaka 1966 alipewa tuzo ya Nobeli. Kwa hiyo saratani iliyokwisha kuenea hutibiwa kwa kuizuia homoni hiyo, kwa sindano au kwa kuondoa korodani, na katika nchi maskini upasuaji hutumika sana kwa kuwa sindano ni ghali. Hayo ni ya saratani iliyokwenda mbali. Iliyo ndani ya tezi ina njia nyingine: kupasuliwa tezi, kuchomwa kwa mionzi, au kuangaliwa tu. Mandela alikutwa na saratani ya tezi mwaka 2001 akiwa na miaka 83, akatibiwa kwa mionzi, akaishi miaka 12 zaidi. Askofu Desmond Tutu alikutwa nayo mwaka 1997, akafariki mwaka 2021 akiwa na miaka 90. Tulipomtajia hao Papa alisema hao ni wakubwa, wana madaktari wao. Ni kweli. Lakini tezi yao ilikuwa kama yetu, na wao walikwenda kuchukua majibu.

Kwa safari za bure tulifanya jambo dogo ambalo twawasihi wote mlifanye siku ile ile ya sindano: andika namba ya kipimo chako, uliza jina la chumba kinachotoa majibu na simu yake kama ipo. Papa hakuwa na namba. Mwakilishi wetu alikwenda naye mara moja, wakaipata kwenye daftari, na tangu hapo tuliuliza kwa simu badala ya nauli.

Pia alikuwa na karatasi. Kila swali lililomjia usiku aliliandika asubuhi, kwa Kiswahili, binti yake akaligeuza kwa Chichewa. Yalifika maswali 11. Tulimsaidia kuyapunguza yakawa matatu: Imo au haimo? Kama imo, imetoka nje ya tezi? Nifanye nini mwezi huu?

Siku ya 43 simu ilijibu kwamba yametoka. Aliomba tuingie naye, mkewe upande mmoja na sisi upande wa pili. Daktari alisoma: kati ya vipande 12, viwili vina saratani, Gleason 6. Hesabu hiyo, iliyotungwa na daktari Mmarekani Donald Gleason mwaka 1966, siku hizi huanza na 6 na kuishia 10. Sita ndiyo ya chini, saratani inayokwenda polepole. Papa alitoa karatasi yake, mkono ukitetemeka, akauliza maswali yake matatu bila kuruka hata moja. Imo. Hakuna dalili kwamba imetoka nje. Mwezi huu asifanye lolote, ila arudi baada ya miezi mitatu kupimwa damu, na baadaye huenda sindano irudiwe.

Tulipotoka nje alikaa kwenye ukuta mfupi wa lango. Tulidhani atalia. Akasema, "Kumbe nitangoja tena." Mkewe akamwambia, "Safari hii tutangoja wote," akamvuta mkono, wakaenda kutafuta nsima.

Amerudi kwenye mashine yake. Siku ya kupimwa damu itaangukia mwezi wa shughuli nyingi kiwandani, kwa hiyo barua ya kumwombea ruhusa tumekwisha kuipeleka kwa meneja, na nakala yake iko katika faili la tawi. Tangu alipoeleza habari zake chini ya mwembe, wanaume wanne wametufuata pembeni, mmoja mmoja, kila mmoja akisema anauliza kwa niaba ya rafiki.